Milango ya Jikoni kwa Mama Mkwe

Katika miaka kumi na moja ya ukwe, Masunga alikuwa amemtengenezea mama mkwe wake vitu vinne. Vyote vinne vilikuwa bado vipo, ila hakuna hata kimoja kilichokuwa kikifanya kazi aliyokitengenezea. Stuli ilikuwa imechukuliwa na mtetea mweusi, ambaye alitagia juu yake na hakutaka mjadala. Benchi lilibeba mapipa ya maji nje ya nyumba. Rafu ya viatu ilikuwa uani, imeanikwa dagaa. Meza ndogo ya chai ililala chali juu ya banda la mbuzi, miguu minne ikitazama mbinguni, ikiyazuia mabati yasiondoke na upepo.

Hakuna kilichowahi kuvuka kizingiti. Mama mkwe, Bibi Milembe wa Nkololo, hakuwahi kusema kwamba havipendi. Kila mara alishukuru, kupitia kwa binti yake, kisha akakipangia kitu hicho kituo cha kazi.

Masunga hakulalamika. Alikuwa seremala, na seremala anajua kusubiri gundi ikauke. Lakini moyoni alikuwa na ombi moja ambalo hakuwahi kulitamka hata kanisani: kitu kimoja tu, kilichotoka mikononi mwake, kikae ndani ya nyumba ya yule mama na kifanye kazi yake halali.

Nafasi ilikuja mwaka ambao Bibi Milembe alimaliza nyumba mpya ya matofali, baada ya misimu miwili mizuri ya pamba. Fundi mwashi alikuwa ameacha shimo la kabati kwenye ukuta wa jikoni, lina rafu tatu za saruji na fremu nzuri ya mbao kuzunguka mdomo wake. Lilikosa milango tu. Jumapili moja baada ya chakula, mbele ya mabinti zake wawili, mama alitangaza kwamba anataka milango.

Kusema jambo mbele ya mabinti wawili ni sawa na kulisema mbele ya wakwe wawili. Mkwe mdogo, Athanasi, alikuwa na duka la aluminiamu na vioo Bariadi mjini. Mke wake alikuwa ameshaahidi vioo vya buluu kabla mama hajameza mate.

"Baba Ndaki ni seremala," akasema Monika, mke wa Masunga.

Nje, mtetea mweusi akalia juu ya stuli yake, kana kwamba anatoa ushahidi.

"Basi afanye yeye," akasema Bibi Milembe. "Jumamosi ya wiki ijayo jumuiya inasali hapa kwangu. Ikifika Ijumaa jioni ukuta uko wazi, Athanasi aweke vioo vyake."

Zilikuwa siku kumi na mbili. Masunga alipoletewa habari alikaa chini.

Tatizo la kwanza lilikuwa vipimo. Katika ukoo wa Bibi Milembe, mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe, hali mbele yake, hamtazami usoni, wala hasemi naye moja kwa moja isipokuwa salamu. Wakitaka kuzungumza wanapitisha maneno kwa mtu wa tatu, hata kama wamesimama hatua nne na wote wana masikio mazima. Masunga alikuwa mwanaume wa heshima zake. Asingeweza kuingia mle na futi hata kama nyumba ingekuwa inaungua, na kuna watu waliamini kwamba hata ikiungua asingeingia.

Kwa bahati Monika alikuwa ameshapima. Yeye ni fundi cherehani. Utepe wa kupimia huwa shingoni mwake hata kwenye misiba, na daftari la vipimo huwa mkobani. Alilifungua mbele ya mumewe chini ya banda la karakana, nyuma ya nyumba yao ya Somanda. Kati ya sare ya mwanakwaya mmoja mnene na sketi ya mwanafunzi palikuwa pameandikwa: *Mama. Kabati. Kiuno 42. Urefu 32.*

"Kiuno?" akauliza Masunga.

"Daftari halina mahali pa upana."

"Inchi?"

"Inchi."

"Umepima ndani ya fremu, Mama Ndaki? Siyo nje?"

"Ndani kabisa. Nilipiga magoti."

Masunga akaridhika. Magoti yalimridhisha sana.

Karakana yenyewe ilikuwa mabati sita juu ya nguzo, meza moja ya kazi, jiriwa moja ya kubania mbao na kalenda ya mwaka uliopita. Huko nyuma randa ilisugua, na barazani mbele cherehani ilinguruma, na majirani walijua saa za chakula kwa jinsi vyote viwili vilivyonyamaza pamoja. Masunga alishusha kutoka darini mbao mbili za mninga alizozificha miaka mitatu. Watu walikuwa wamezitaka mara nyingi, naye akawajibu kwamba zina mwenyewe. Sasa mwenyewe alikuwa amepatikana.

Alifanya kazi kama mtu anayeandika barua kwa serikali. Alichagua ubao wenye mistari iliyonyooka kwa ajili ya fremu za milango, na ule wenye mawimbi kwa ajili ya paneli za katikati. Alichonga ndimi, akachimba matundu yake kwa patasi, na kila ulimi ulipoingia tundu lake alitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyekuta jibu sahihi kwa mwanafunzi asiyemtegemea. Pembeni mwa fremu alichimba mfereji mwembamba, paneli ikateleza ndani yake bila gundi.

"Hii huigundishi?" Monika aliuliza, akileta uji.

"Inaachwa ipumue. Masika mbao zinanenepa, kiangazi zinakonda. Ukiibana inapasuka."

"Kama Mama Sayi na lile gauni la harusi."

"Sawasawa na Mama Sayi."

Kati ya mlango na fremu ya ukutani aliacha nafasi ya unene wa sarafu, basi. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa akisema mlango wa kabati lazima uzame ndani ya fremu yake na kulala sawa na uso wake, mpaka mtu akipitisha kiganja asijue mbao imeishia wapi. Mlango uliokaa nje ya fremu, alisema yule mzee, ni mlango wa banda la kuku. Masunga aliishi kwa sheria hiyo kama wengine wanavyoishi kwa Amri Kumi, na kwa kufaulu zaidi.

Siku ya tisa alipiga msasa. Siku ya kumi alipaka vanishi, akawakataza kuku, mbuzi na watoto kupita upande ule. Siku ya kumi na moja, ambayo ilikuwa Alhamisi, milango ilikuwa inang'aa kama viatu vya mkuu wa shule siku ya mahafali. Masunga aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaifunika blanketi, lile zuri, na yeye na mkewe wakajifunika shuka.

Ijumaa asubuhi walipanda bodaboda mbili. Monika alitangulia na mfuko wa vifaa. Masunga alifuata, milango imesimamishwa kati yake na dereva, ameikumbatia. Walipotoka mjini tu na kuingia kwenye uwazi wa mashamba, upepo ukaikuta milango ubavuni na pikipiki ikaanza kuandika herufi barabarani.

"Fundi!" dereva akapiga kelele. "Hii sasa ina mabawa! Leseni yangu ni ya chini tu!"

"Endesha," akasema Masunga.

Walifika Nkololo wakiwa hai. Masunga alichuchumaa pembeni ya nyumba, akageuzia uso kwenye marobota ya pamba, akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba," ikajibu sauti kutoka ndani.

Ukwe ukawa umetimizwa. Milango ikapelekwa jikoni na Monika, mmoja baada ya mwingine, na Masunga akaenda kusimama nje ya dirisha la jikoni, akaupa ukuta mgongo. Ndivyo alivyokuwa amepanga: yeye aelekeze, Monika afunge skrubu, mama ashikilie. Fundi mwingine wa kuingia ndani alikuwapo palepale Nkololo, lakini kumwita seremala mwenzako akufungie mlango uliouchonga mwenyewe ni aibu ambayo inafika Mwanza kabla yako.

Alisubiri. Alisikia vikwangukwangu. Alisikia mkewe akivuta pumzi.

"Monika," akasema Bibi Milembe ndani, "mwambie Baba Ndaki mlango unakataa."

"Baba Ndaki, mama anasema mlango unakataa."

"Nimesikia. Mwulize unakataa wapi."

"Mama, anauliza unakataa wapi."

"Mwambie kote."

Masunga alihisi jasho likitembea mgongoni, pole pole, kama mtu asiye na haraka. "Mama Ndaki, njoo dirishani. Pima tena hilo shimo."

Utepe ukasikika ukivutwa. "Arobaini. Na thelathini kwenda juu."

"Uliniandikia arobaini na mbili. Na thelathini na mbili."

"Ndiyo. Niliongeza."

"Uliongeza nini?"

"Inchi moja kila upande," akasema Monika, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto analijua. "Nafasi ya mshono. Nguo ikibana unafumua."

Masunga alitazama shamba. Palikuwa na ng'ombe mmoja pale, naye akamtazama Masunga.

"Mama Ndaki," akasema hatimaye, kwa upole wa kutisha, "mlango haufumuliwi."

"Sasa mimi ningejuaje? Umeshona wewe au nimeshona mimi?"

Ndani, Bibi Milembe alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mama aliyelea mabinti wawili na kuwaoza wote, na aliyekuwa akifikiri kwamba kazi imekwisha.

"Monika, mwambie Baba Ndaki vijana wa Athanasi wamepiga simu. Wako hapo sokoni na kioo chao. Wanakula chipsi."

Haikuhitajika kumwambia. Hizo chipsi Masunga alizisikia kama mtu anavyosikia gari la polisi. Akatoa msumeno kwenye mfuko, akaushika, akaurudisha. Kukata inchi moja kila upande kungefika kwenye ndimi. Fremu ingebaki nyembamba kama fimbo na maungio yangechungulia nje, na masika ya kwanza milango ingeachana kwa amani, kila ubao na njia yake. Alihitaji kuliona lile shimo kwa macho yake.

"Nipigie picha," akasema. "Kwa simu."

Monika akapiga, akapitisha simu dirishani juu ya bega la mumewe. Masunga aliitazama nusu sekunde, akaigeuza kifudifudi haraka.

"Mama yumo!"

"Ni picha tu."

"Yumo, ananitazama!"

Ndani kulifanyika mashauriano ya chinichini. Kama kumtazama mama mkwe kwenye picha ni kumtazama mama mkwe, hilo lilikuwa swali ambalo wazee wa ukoo hawakuliacha na jibu, kwa kuwa walipokuwa wakipanga sheria hapakuwa na simu. Bibi Milembe alikata shauri akasogea pembeni. Picha ya pili ikaja. Safari hii mama hakuwemo, isipokuwa mkono wake mmoja uliokuwa ukishikilia mlango usianguke. Masunga aliufunika mkono kwa kidole gumba na ndipo akatazama.

Mama alikuwa amechoka kuibeba milango, akaiegemeza kwenye ukuta, mbele ya shimo, yote miwili ikiwa imesimama pamoja. Shimo halikuonekana. Milango ilikuwa imelifunika kote, ikizidi inchi moja juu, inchi moja chini, inchi moja kila ubavu. Pembeni fremu ya mwashi ilibaki imechungulia sawasawa pande zote, kama ukingo wa picha.

Masunga alijua papo hapo alichokuwa anakiona, na alitamani asingejua. Ukiifunga juu ya uso wa fremu badala ya kuizamisha ndani, ilikuwa imetosha, tena kwa kipimo ambacho yeye mwenyewe asingekipata bora zaidi. Lakini ingekaa nje. Alimwona yule mzee wake wa kazi, ambaye alishafariki, akivua kofia kwa masikitiko. Mlango wa banda la kuku. Siku kumi na mbili, mninga wa miaka mitatu, nafasi ya unene wa sarafu, na mwisho wake ni kuku.

"Monika," akasema mama ndani, "mumeo amelala?"

"Anafikiri, mama."

"Mwambie afikiri upande wa pili. Mfuniko wa sufuria unakaa wapi, ndani ya sufuria au juu?"

Monika hakulirudia swali hilo. Hata yeye aliona kwamba limefika.

Masunga aliangalia ule msumeno kwa mara ya mwisho. Kukata kungeilinda sheria ya mzee na kuiua milango. Na vijana sokoni hawangekula chipsi milele. Akafunga mfuko.

"Mama Ndaki, chukua bisibisi," akasema. "Tunaifunga juu ya fremu."

Kazi ikaanza, na ilikuwa kazi ambayo hakuna seremala wa Simiyu aliyewahi kuifanya, au kama alifanya, hakusimulia. Masunga alisimama na mgongo wake dirishani, ametazama ng'ombe, akaongoza. Bawaba upande mmoja zikalala kwenye vishimo alivyokuwa amezichimbia ubavuni mwa mlango, upande wa pili zikafungwa kwenye uso wa fremu.

"Mwambie mama ainue kidogo upande wa kulia."

"Mama, inua kidogo."

"Mwambie nimeinua."

"Ameinua."

"Mwambie imezidi. Ashushe."

"Umeona wapi kama imezidi?" akauliza Monika. "Umegeuka?"

"Sijageuka! Skrubu inalia. Ikilia hivyo imepinda."

Ndani wakashusha. Skrubu ikaacha kulia. Mlango wa kwanza ukakaa, kisha wa pili. Masunga akaagiza wafungue na kufunga polepole, akainamisha kichwa kama daktari aliyeweka sikio kifuani mwa mgonjwa. Alifumba macho. Ng'ombe akatafuna, Masunga akamwambia kwa mkono anyamaze.

"Tena."

Mlango ukafungwa. Ulitoa mlio mdogo, mkavu, na kabla yake palikuwa na mkwaruzo ambao mtu mwingine asingeusikia.

"Wa kushoto unagusa mwenzake. Katikati, juu kidogo ya bawaba ya chini. Mpe msasa, asugue mara sita. Siyo saba."

Ikasuguliwa. Bibi Milembe alihesabu kwa sauti, na alipofika sita akaacha, jambo ambalo Monika hakuwahi kumwona akimfanyia mtu yeyote, hata padri.

"Funga."

Mlango ukafungwa. Safari hii ilikuwa sauti moja tu, nene, laini, kama mtu mzito aliyekaa kwenye kiti anachokiamini.

"Basi," akasema Masunga.

Kisha milango ikafunguliwa tena, hakuwa ameagiza, na ikafungwa tena.

"Monika," sauti ya Bibi Milembe ikasema, "mwulize Baba Ndaki amejuaje, na yeye yuko nje."

"Mama anauliza umejuaje."

"Mwambie imesema yenyewe."

Baada ya hapo Masunga alisikia simu ikibonyezwa, na mama akisema na mtu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba vijana wakimaliza chipsi zao warudi Bariadi, na wamsalimie Athanasi.

Masunga na mkewe walirudi nyumbani jioni hiyo. Jumamosi hakwenda, kwa kuwa haikuwa shughuli yake. Alishinda karakana akichonga miguu ya kitanda cha mteja, na aliukata mmoja mfupi kwa sababu kichwa chake kilikuwa Nkololo. Jumapili hakuuliza kitu. Jumatatu asubuhi simu ya Monika ikaita, na Monika, mwenye mdomo uliojaa pini, akaiweka juu ya meza ya cherehani na kufungua spika.

"Wamesali vizuri?" akauliza, baada ya salamu zote.

"Wamesali," akasema Bibi Milembe. "Ila hawakusali sana. Wote walikuwa jikoni. Mama mmoja wa jumuiya amefungua ile milango mara saba, nimehesabu, na hakuwa anatafuta kitu. Mwingine akaja, akapitisha mkono juu yake hivi, na mkono wenyewe una mafuta ya kitumbua. Nimewaambia ndani mna vikombe tu. Wanasema wanaangalia vikombe. Nani anaangalia vikombe akiwa amefunga mlango?"

Nyuma ya nyumba, randa ilikuwa imenyamaza.

"Sasa sikiliza, Monika. Mwambie Baba Ndaki anifungie mahali pa kufuli. Lenye nguvu. Siwezi kuwa nalinda jikoni kama askari."

Masunga aliweka randa mezani, akajipangusa vumbi la mbao magotini, akatoka bila kusema lolote akaelekea mjini. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko aliyakataa makufuli manne, moja kwa sababu lilikuwa jepesi, mengine kwa sababu yalikuwa ya rangi ambayo mninga usingeipenda. La tano lilikuwa la shaba, zito, lenye funguo mbili. Muuzaji alilipima mkononi kabla ya kumpa.

"Hili watu wanafungia stoo ya pamba, fundi. Wewe unakwenda kufungia nini?"

"Vikombe."

"Ndivyo vinavyolindwa na kitu kizito hivi?"

"Hapana," akasema Masunga. "Hilo ni la kulinda milango."